Barua ya wazi: Tupeni mahali pa kukabidhiana watoto wetu

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu, kwa Waziri wa Jinsia, Utamaduni na Huduma za Watoto, na kwa Gavana wa Kaunti ya Nairobi.

Nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni baba wa mtoto mmoja, msichana wa miaka tisa, yuko gredi ya nne. Naishi Umoja. Mama yake anaishi Rongai. Ndoa yetu ilivunjika miaka minne iliyopita, tukafika kortini, na korti ikatoa amri: mtoto akae na mama yake, mimi nimchukue kila baada ya wiki mbili, Jumamosi saa tatu asubuhi hadi Jumapili saa kumi na moja jioni, na likizo tugawane nusu kwa nusu. Karo ni juu yangu, matumizi mengine tunasaidiana. Amri ina kurasa tatu na muhuri. Sina ugomvi nayo hata kidogo. Hakimu alitusikiliza sote wawili kwa subira, akaandika alichoona kinamfaa mtoto.

Ninawaandikia kuhusu yanayofuata baada ya wazazi kutoka kortini na karatasi hiyo mkononi, kwa sababu kuanzia hapo hatuna mtu.

Amri haikusema mtoto akabidhiwe wapi. Kwa mama yake mimi sikaribishwi, na kwangu yeye hataki kufika. Ni mambo ya watu walioachana, siyaonei ajabu. Basi tukachagua kituo kimoja cha petroli kando ya barabara ya Lang'ata, kwa kuwa kina taa, kina watu, na matatu za Rongai hupita hapo. Mama yake husimama upande wa mashine ya upepo. Mimi husimama mlangoni pa duka. Kati yetu pana hatua kama thelathini, na mtoto huzitembea peke yake.

Zamani alikuwa akikimbia. Sasa hutembea polepole, mkoba mgongoni, mkono mmoja umeshika zipu, uso ameukaza. Ameshajifunza kwamba akinikimbilia kwa furaha mama yake anaona, na akigeuka kumpungia mama yake mkono mimi naona. Kwa hiyo hafanyi lolote. Hutazama chini mpaka anifikie, na akinifikia hunipa mkoba kwanza kabla ya kunisalimia. Jumamosi moja gari dogo lilikuwa likirudi nyuma kutoka kwenye pampu na dereva hakumwona. Kijana wa pampu alimrukia akamvuta kwa mkono wa sweta. Akauliza kwa sauti kubwa, huku anatetemeka, "Huyu mtoto ni wa nani?" Mimi na mama yake tulijibu kwa pamoja, kila mmoja kutoka upande wake: wangu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni nani katika serikali yetu ambaye kazi yake ni hizo hatua thelathini. Nimetafuta na sijampata. Ndiyo sababu ya barua hii.

Kuhusu sheria, iko wazi kuliko ilivyokuwa wakati mwingine wowote. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema mtoto ana haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi wake, na kwamba jukumu hilo ni sawa kwa mama na kwa baba, wawe wameoana au hawajaoana. Kabla ya hapo, Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilimbebesha mama peke yake mzigo wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, mpaka baba akubaliane na mama au aende kuomba kortini. Wanaume wengi waliona hiyo ni nafuu, wakatoweka. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Mwaka 2016 ikabatilisha kifungu kilichozuia jina la baba kuandikwa kwenye sajili ya vizazi, kwa mtoto wa nje ya ndoa, ila wazazi wote wawili waombe pamoja. Kisha ikaja Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, ambayo kifungu chake cha 32 kinasema wazazi wana jukumu la malezi kwa usawa na hakuna aliye na haki kubwa kuliko mwenzake.

Nazishukuru sheria hizi. Sehemu kubwa ziliandikwa kumkamata baba anayekimbia, na baba anayekimbia anastahili kukamatwa. Lakini baba asiyekimbia naye yupo. Analipa karo, anapanda matatu mbili kila Jumamosi ya zamu yake, na anataka kujua mtoto amevimba jino upande gani. Sheria inamtambua. Ofisi hazijajua wamfanyie nini.

Nitawapa mfano. Mwaka jana nilikwenda katika ofisi moja ya watoto hapa jijini. Sikuwa nimeitwa. Nilitaka tu msaada wa kupanga likizo ya Agosti, kwa kuwa mimi na mama mtoto tulikuwa hatuongei na tarehe zilikuwa zinakaribia. Nje palikuwa na benchi mbili zimejaa, karibu wote akina mama, wengine na watoto wachanga. Walinitazama kama mshtakiwa aliyejileta. Ndani alikuwepo afisa mmoja, mezani pake faili zimepandana hadi usawa wa dirisha, na simu yake ililia mara tatu nilipokuwa nimeketi. Mara ya tatu ilikuwa habari ya mtoto aliyefungiwa ndani ya nyumba. Alipomaliza alivuta fomu akaniuliza, mimi ni mlalamishi au mlalamikiwa? Nikamwambia si yeyote kati ya hao. Akaweka kalamu chini, akaniangalia kwa huruma kabisa. "Baba, kama humshtaki na yeye hajakushtaki, nikuandike wapi?"

Simlaumu yule afisa. Mtu anayepokea simu za watoto waliofungiwa ndani hawezi kuacha kazi hiyo ili apange likizo yangu. Nami najua mtoto aliye hatarini ana namba ya kupiga, 116, haina malipo. Lakini Waziri, swali la yule afisa ndilo swali langu kwenu. Tuandikwe wapi, sisi tusioshtakiana? Maana nikiambiwa sina pa kuandikwa mpaka niwe mlalamishi, basi mmenielekeza nikatafute kosa la mwenzangu. Wengi hufanya hivyo. Mtu anaingia akitaka tarehe za likizo, anatoka amefungua kesi, na kesi ikishafunguliwa kila mmoja hutafuta wakili, na hati ya kiapo ya kwanza ikishasomwa hakuna tena anayeweza kumtazama mwenzake machoni. Mimi nimeisoma hati iliyoandikwa kunihusu. Naye ameisoma yangu. Kuna maneno mle ndani ambayo hatukuwahi kuambiana hata siku tulipogombana vibaya zaidi.

Kule Machakos nilikozaliwa, wazazi wasipopatana mtoto hakutembea peke yake katikati. Shangazi alikuja kumchukua, au nyanya, akakaa, akanywa chai, akauliza mtoto anakula nini siku hizi, akaondoka naye. Shangazi alikuwa mahali pa kukutania, alikuwa shahidi, na alikuwa mpatanishi, bila cheo. Jirani yangu Mwislamu ameniambia kwao jambo hili limeandikwa kabisa: Kurani, sura ya nne, inaagiza kwamba mkichelea mfarakano wa mume na mke, atumwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwingine kutoka jamaa za mke. Nairobi imetunyang'anya watu hao. Shangazi yangu yuko mbali, mama mkwe hataki kusikia jina langu, na jirani wa nyumba ya kupanga hubadilika kila mwaka. Mkono mmoja haulei mwana, twasema, na hapa mjini tumebaki na mikono miwili isiyogusana.

Nitaeleza usiku mmoja, kisha niseme ninachoomba.

Binti yangu ana pumu. Si kali, lakini baridi ya Julai humsumbua. Jumamosi moja alikuja kwangu na mkoba wake, nguo, kitabu cha hesabu, na inhela ikabaki Rongai kwenye mfuko wa sare. Hakuna aliyeniambia kwamba wiki hiyo alikuwa amekohoa siku tatu. Usiku wa saa nane niliamshwa na ule mluzi wa kifua. Nilimketisha kitandani, nikampigia mama yake. Simu haikuingia. Nikapiga tena na tena. Alikuwa ameifungia namba yangu, na alikuwa na sababu: wiki moja kabla nilikuwa nimemtumia ujumbe wa matusi, ujumbe ambao hata leo nikiukumbuka naona aibu. Nasema hivyo kwa kuwa barua ya wazi inayoficha kosa la mwandishi haifai kusomwa. Nilimfunga mtoto kwenye blanketi nikamchukua kwa boda hadi zahanati inayokesha. Daktari aliuliza anatumia dawa gani na mara ngapi kwa siku. Sikujua. Baba mzazi, nimekaa mbele ya daktari, sijui. Mtoto mwenyewe, kati ya pumzi na pumzi, ndiye aliyemjibu.

Alipona. Jumatatu mwalimu wake wa darasa, ambaye mtoto alimsimulia, alituita sote wawili kwa simu, mmoja mmoja, na akatoa wazo moja tu. Nunueni daftari, alisema, likae ndani ya mkoba wa mtoto. Asiandike mtu jambo lolote ila la mtoto.

Tulinunua daftari la kurasa tisini na sita, lenye jalada la bluu. Ukurasa wa kwanza niliandika mimi: "Amekula ugali na sukuma, amekunywa maziwa. Hesabu ya kugawanya bado inamsumbua." Siku ya kurudi nilikuta mwandiko wa mama yake: "Inhela iko mfuko wa mbele. Mara mbili, asubuhi na jioni. Asisahau kusukutua mdomo." Majuma kadhaa tulikwenda hivyo, kama makarani wawili. Kisha siku moja nikakuta swali lililoandikwa kwa penseli pembeni, dogo: "Analala vizuri huko kwako?" Lilikuwa swali lake la kwanza kwangu kwa karibu miaka miwili lisilokuwa na hasira ndani yake. Sasa tuko daftari la tatu. Namba yangu ilifunguliwa. Bado hatupendani, wala hatutarudiana, lakini mtoto ana wazazi wawili wanaojua dawa yake.

Lile daftari lilinunuliwa kwa bei ya soda. Hakuna korti, ofisi wala wakili aliyetuambia habari yake katika miaka yote ile. Tuliambiwa na mwalimu, tena baada ya mtoto kukosa pumzi.

Sasa ombi. Naanza na wewe, Bwana Gavana, kwa sababu lako ndilo rahisi zaidi. Nairobi ina wadi 85, na kaunti ina kumbi za jamii na maktaba ambazo siku nyingi zina vyumba vitupu. Tupe chumba kimoja, Jumamosi asubuhi na Jumapili jioni. Anza Eastlands ukipenda: maktaba za Kaloleni na Makadara ziko chini yako tayari, na mtoto akingoja kwenye maktaba atakuwa amekaa kati ya vitabu badala ya pampu za petroli. Chumba hicho hakihitaji makubwa. Mkeka, vitu vichache vya kuchezea, choo safi, na milango miwili. Milango miwili ndiyo muhimu. Mama huingia kwa mmoja, anamwacha mtoto akicheza, anaondoka. Baada ya dakika kumi baba anaingia kwa mwingine. Mtoto hapiti mahali ambapo nyuso mbili zinampima. Katikati akae mtu mmoja mtulivu, aliyefundishwa na kuchunguzwa kabla ya kuwekwa karibu na watoto, mwenye daftari la kuandika saa ya kufika na saa ya kuondoka basi. Mnaweza msiamini ni ugomvi mwingi kiasi gani ungekwisha kwa saa kuandikwa na mtu asiye na upande. Nusu ya kelele zetu zilikuwa "ulichelewa", "sikuchelewa", na barabara ya Lang'ata mnaijua ilivyo.

Wenzetu wanafanya. Uingereza ina vituo vya namna hiyo vingi, na vingine viko ndani ya kumbi za makanisa, vikihudumiwa na watu wa kujitolea. Hapa kwetu makanisa yana kumbi kila mtaa, misikiti ina madrasa, na wastaafu wenye subira tunao, walimu hasa. Kaunti ikiweka utaratibu na kuchunguza watu, sidhani itakosa wa kusaidia.

Na nieleze jambo moja kabla sijaeleweka vibaya. Kuna akina mama waliokimbia kipigo. Kwao kukutana na baba mtoto kwenye kituo cha petroli si aibu tu, ni hatari. Chumba cha milango miwili ni chao kabla hakijawa changu. Pale ambapo korti imesema baba amwone mtoto mbele ya msimamizi, msimamizi huyo atoke wapi leo? Mara nyingi ni jamaa wa mama, ambaye anamchukia baba, au jamaa wa baba, ambaye atafumba macho. Na pale ambapo korti imesema baba asimkaribie mtoto kabisa, asimkaribie. Siombi mlango ufunguliwe kwa mtu aliyewaumiza watu wake. Naomba tu kila baba asifikiriwe kuwa huyo.

Mheshimiwa Jaji Mkuu, Mahakama ilianzisha upatanishi chini ya korti mwaka 2016, Milimani, ikianza na vitengo vya familia na biashara vya Mahakama Kuu. Ni jambo jema sana na Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inataka njia hizo zitumiwe. Lakini upatanishi huo hukuta kesi tayari imesajiliwa, yaani hati za kiapo zimeshaandikwa na matusi yameshapigwa muhuri. Kwa mambo ya watoto tunaomba mlango wa kabla ya hapo: wazazi waweze kuja kwa mpatanishi bila mmoja kuwa mshtaki. Tukikubaliana, makubaliano yaletwe kwa hakimu ayakague kama yanamfaa mtoto na kuyapa nguvu. Tusipokubaliana, kesi ifunguliwe, nasi tutakuwa hatujapoteza ila asubuhi mbili.

Na amri zenyewe ziandikwe zikiangalia Jumamosi. Zitaje mahali pa kukabidhiana. Zitaje mtoto akiugua nani anaarifiwa na kwa njia gani, dawa inasafiri vipi, matatu zikigoma inakuwaje, Krismasi na Idi zinakwenda kwa nani mwaka huu na mwaka ujao. Kwa sasa jambo dogo likibadilika, kwa mfano shule ikisogeza tarehe ya kufunga, inabidi turudi kortini na ombi jipya, tupewe tarehe ya kutajwa, kisha tarehe ya kusikizwa, na likizo iishe kabla hatujasikizwa. Kwa mtoto wa miaka tisa Agosti moja ni kitu kikubwa. Hairudishwi kwa amri ya Oktoba.

Naandika pia kuhusu lugha. Amri yangu iko kwa Kiingereza. Mimi naisoma. Lakini nilikaa foleni na baba mmoja fundi wa magari ambaye aliniomba nimsomee ya kwake, na ndipo alipojua kwamba alikuwa ameruhusiwa kumpigia mwanawe simu kila jioni. Miezi mitano alikuwa hajapiga, akidhani amekatazwa. Miezi mitano, Mheshimiwa, kwa sababu ya ukurasa mmoja. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii pamoja na Kiingereza. Amri ya mtoto na iandikwe kwa lugha ambayo wazazi wote wawili wataielewa siku wanapoipokea.

Waziri, kwako naomba dawati. Si ofisi mpya. Katika kila ofisi ya watoto ya kaunti ndogo hapa Nairobi, siku moja kwa wiki, afisa mmoja wa wazazi walioachana wanaotaka kupanga. Awe na fomu nyingine, isiyo na mlalamishi wala mlalamikiwa, iandikwe tu mama, baba, mtoto. Ndani yake yawepo yale niliyoyataja: siku, mahali, dawa, shule, likizo, simu. Awape daftari. Mnaweza kulichapisha nyinyi wenyewe na kuweka namba ya 116 kwenye jalada. Na kabla wazazi hawajaondoka, wakae saa mbili tu wafundishwe mambo ambayo mimi nimeyajua kwa kuumia: kwamba mtoto asifanywe tarishi wa kubeba maneno ya pesa, kwamba asiulizwe "mama yako ana mgeni?", kwamba akilia wakati wa kuondoka si ushahidi kuwa anateswa aendako. Hulia kwangu akienda kwa mama yake na hulia kwa mama yake akija kwangu. Kwa muda mrefu kila mmoja wetu aliyahesabu machozi ya upande wake tu.

Waambie pia maafisa wako kwamba mwanamume akija kuomba ushauri asipokewe kama amepotea njia. Mwaka wa kwanza baada ya kuachana nilikuwa nikirudi kwenye chumba ambamo hamna sauti, naona viatu vyake vya zamani chini ya kitanda, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Wanaume wenzangu walinipeleka kunywa. Walimaanisha vizuri. Ule ujumbe wa matusi niliutuma usiku wa namna hiyo.

Kwa shule nitasema machache. Baba aliye na amri ya korti asiambiwe langoni kwamba faili la mtoto lina jina la mzazi mmoja. Mimi nililipa karo ya mihula mitatu katika shule moja hapa mjini nikanyimwa ripoti ya mtoto, na risiti zote nilikuwa nazo mfukoni. Waraka mmoja wa serikali ungetosha: faili iwe na nafasi mbili, na shule ifuate amri ya korti ilivyo.

Na kwa kuwa barua hii ni ya wazi, akina baba wenzangu mtaisoma pia, kwa hiyo niruhusiwe kugeuka kidogo niseme nanyi. Jumapili asubuhi tunapokutana pale kwenye kuosha magari, nasikia mmoja wetu akisema, "Simwoni mtoto, nitume pesa za nani?" Ndugu yangu, tuma. Pesa ya chakula si tiketi ya kumwona mtoto na kumwona mtoto si risiti ya pesa. Ni haki mbili za mtoto, tena zinasimama mbalimbali. Ukimnyima moja kwa kuwa umenyimwa nyingine, ameumia mara mbili na wewe umempa hakimu sababu ya kutokuamini. Tuma kwa M-Pesa, weka rekodi, kisha uje tuidai Jumamosi yako pamoja. Sitaweza kusimama mbele ya Waziri kuwatetea wanaume ambao watoto wao wamefukuzwa shule kwa karo huku baba anasubiri kubembelezwa.

Akina mama nao wana madai yao, na mengi ni ya haki kuliko yangu. Wao ndio walioamka usiku zile siku ambazo si zamu yangu. Siandiki barua hii dhidi yao. Kabla sijaituma nilimwachia mama mtoto nakala ndani ya daftari, katikati ya kurasa, na kumwomba aniambie kama kuna mahali nimemwonea. Ilirudi na masahihisho mawili. La kwanza, kwamba si kweli mtoto alikuwa amekohoa siku tatu, alikuwa amekohoa nne. La pili, kwenye ile sehemu ya chumba cha milango miwili, alikuwa ameandika pembeni: "Waambie kiwe na mahali pa mama kukaa pia. Wiki za kwanza nilikuwa siwezi kutembea hadi stejini. Nilikaa kwenye ukingo wa maua mpaka matatu yenu ikapotea."

Sikuwa najua hilo. Naliongeza kwenye ombi: mkeka, vitu vya kuchezea, choo, milango miwili, na benchi kila upande.

Jumamosi ijayo ni zamu yangu. Kuanzia saa tatu kasorobo nitakuwa mlangoni pa duka la kituo kile. Afisa yeyote wenu atakayependa kuja kuona hatua zile thelathini, aje asimame nami. Namwomba tu asije na kamera wala gari la serikali, mtoto atashtuka.

Wenu mtiifu,
Baba wa mtoto wa gredi ya nne,
Umoja, Nairobi.